Mvua ya Mungu, Jaluba la Majirani

  

Leo naanza na swali. Mvua imenyesha usiku wa manane. Jirani yako wa upande wa juu ametoka na tochi na jembe, amefungua mlango wa jaluba lake, lile shamba la mpunga lenye tuta pande zote, maji yametoka. Nakuuliza: maji yale yamekwenda wapi?

Umejibu mwenyewe. Yamekuja kwako. Kama tuta la jaluba lako lilikuwa imara, jirani kakunyweshea mpunga. Kama tuta lilibomoka tangu mwaka jana nawe ukaliacha, kakugharikisha, na kukicha mtakuwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, mmoja ananyoosha kidole, mwingine anaapa. Mvua ni ileile, jembe ni lilelile. Tofauti ni kama mlisema kabla au mnasemea baadaye.

Basi mazungumzo yetu leo yanamhusu mkulima wa mvua, yule asiye na pampu wala mfereji, ambaye kila Oktoba shingo yake inaelekea juu. Na neno langu ni moja, nitalirudia mpaka unichoke: mvua ni ya Mungu, lakini njia ya maji ni ya majirani. Majirani wakikubaliana, na serikali ikayapa nguvu makubaliano yao, mkulima wa mvua anasimama. Serikali ikitangulia na amri, hata iwe amri nzuri, haidumu.

Tuanze na hesabu ndogo. Usitafute kalamu. Unalijua dumu la lita 20, lile la kuchotea maji. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye ekari moja, inamwaga lita 4,000 hivi. Ni madumu 200. Sasa mvua nzuri ya mchana mmoja, ya milimita 20, inashusha madumu 4,000 kwenye ekari yako moja. Muuza maji wa baiskeli angekutoza shilingi ngapi kwa madumu hayo? Nawe hukutoa hata senti. Na sehemu nyingi za mwambao wetu wa Mwanza hupata milimita 1,000 hivi kwa mwaka. Zidisha mwenyewe ukipata nafasi.

Utaniuliza, kama maji ni mengi hivyo, mbona tunalia njaa? Tunalia kwa sababu mvua yetu haina ratiba. Tuna vuli, Oktoba mpaka Desemba. Tuna masika, Machi mpaka Mei. Katikati, Januari na Februari, mawingu hutukimbia, na mara nyingi ni wakati uleule mahindi yanatoa mbelewele. Halafu mvua ikija, haiji kwa adabu. Inaanguka kwa kishindo saa moja, inateremka kwenye majabali, inakomba rutuba, inakimbilia ziwani. Simama kwenye Mto Mirongo, hapa mjini, baada ya mvua kubwa, uangalie rangi ya maji. Ni rangi ya chai ya maziwa. Ule ni udongo wa mtu.

Najua kuna msikilizaji ananikatiza hapo. Anasema, bwana, Ziwa Victoria hili hapa, kubwa kuliko yote Afrika, tumwagilie tumalize maneno! Hoja nzuri. Na maji ya ziwa yanaweza kusafiri mbali: pale Ihelele, wilayani Misungwi, yanachotwa na kupandishwa mpaka Shinyanga na Kahama, watu wanakunywa. Lakini kupandisha maji mlimani kunataka mitambo, umeme na mabomba, na anayetumia ndoo mbili kwa siku si sawa na ekari ya mpunga, hiyo haijui kushiba. Serikali nayo imeamka. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilitoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 ikafika bilioni 954 mwaka uliofuata, na umwagiliaji ukapewa kipaumbele. Tunapongeza. Ila skimu haitafika kila kitongoji cha Sumve na Nyehunge msimu huu, wala ujao. Mpaka ifike, tunakula mvua.

Kwa hiyo tuirudie mvua.

Msikilizaji wa mjini, hebu nikupeleke shambani. Ardhi ya Usukumani imepangwa kama ngazi. Juu kuna majabali, chini yake udongo wa kichanga, wenyewe wanauita luseni, hapo utakuta muhogo, viazi na karanga. Ukishuka kidogo udongo unakuwa mgumu, unashika maji, ndiyo itogolo. Ukifika chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaong'ang'ania jembe na viatu.

Ni pale katikati na chini ndipo lilipo jaluba. Jaluba ni kipande cha shamba kilichosawazishwa na kuzungushiwa tuta la udongo, kwa kawaida halizidi goti. Tuta lina mlango, nao si mlango wa fundi. Ni pengo tu, unalifungua kwa jembe na kuliziba kwa jembe. Maji ya mlimani yanaingia jaluba la kwanza, yanatua, yanaacha mbolea yake, yanapita mlangoni kwenda la pili, la tatu, mpaka la chini kabisa. Mpunga unaotoka humo unauita mchele wa Magugu au wa Kahama ukiwa sokoni, kumbe mwingine ni wa Misungwi tu hapo. Mpunga ukishavunwa, wengine hupanda dengu mbugani, na dengu ile haingojei mvua nyingine. Inaishi kwa unyevu uliobaki chini.

Sasa nitajie, katika mpangilio huo, ni nani anayelima peke yake? Hakuna. Wa chini anategemea mlango wa wa juu. Wa juu anategemea wa chini asizibe njia, maji yasimrudie. Jaluba la mtu mmoja halipo, msikilizaji. Kuna majaluba ya majirani.

Na majirani hawa hawakungoja semina. Wasukuma walikuwa na elika, chama cha vijana wa kijiji cha kulima kwa zamu, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Leo wamelima kwako, kesho kwa mwingine, na ngoma inawatangulia. Ukiwaona wachezaji wa bugobogobo wakirusha majembe juu na kuyadaka, pale Bujora kwenye sherehe za Bulabo, usidhani ni mbwembwe tu. Lile jembe lilianza shambani, mapigo yale yakawafanya watu 30 wainue mikono pamoja.

Vuka ziwa, nenda Ukara, kisiwa kidogo kaskazini ya Ukerewe. Ardhi ni ya kichanga, watu wamejaa. Kwa kanuni za kawaida wangekuwa wamehama zamani. Wakara walifanya nini? Ng'ombe waliwafungia ndani, kwenye shimo, wakawakatia majani na kuwaletea. Samadi ikajaa shimoni, wakaibeba kichwani mpaka shambani, mwaka hadi mwaka. Kwenye uwele wakachanganya marejea, mmea wa jamii ya kunde, wakaufukia urutubishe udongo. Mabwana shamba wa kikoloni walipofika na kuandika habari za kilimo hicho miaka ya 1930, walikwenda kama wanafunzi, maana darasa lilishaanza kabla yao.

Narudia neno langu, usije ukasema nimepotea njia: mvua ni ya Mungu, njia ya maji ni ya majirani. Sasa sehemu ya pili. Serikali inaingia wapi?

Hapa historia ya kanda yetu ina mifano miwili, mmoja wa kuogopa na mmoja wa kuiga. Sikiliza vizuri.

Mfano wa kwanza. Pale Ukiriguru, Misungwi, kuna kituo cha utafiti, leo kiko chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI. Watafiti wake wa zamani waligundua jambo zuri: ukilima matuta, ukaweka vizuizi vya udongo katikati ya tuta na tuta, maji ya mvua yanakaa kwenye vishimo badala ya kukimbia, na pamba na mahindi vinavumilia ukame. Elimu safi kabisa. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, ikaichukua elimu ile na kuigeuza sheria. Lima matuta namna hii. Weka samadi. Panda muhogo. Punguza mifugo. Usipofanya, faini au kifungo.

Kilitokea nini? Watu walikataa. Manung'uniko ya matuta na ng'ombe yakaungana na siasa ya kudai uhuru, TANU ikapata masikio mengi, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha zile amri zikaachwa. Tuta halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la aliyelileta na pingu mkononi. Mpaka leo wazee wengine wakisikia neno matuta, wanakumbuka faini kabla ya mavuno.

Mfano wa pili uko kwa jirani zetu wa Shinyanga. Huko miti ilikatwa, kwa kufukuza mbung'o, kwa kupanua pamba, kwa kuni, mpaka watu wakasema nchi inageuka jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni nao ulikuwa na mambo ya kuleta miche kutoka bustani za serikali. Halafu wakauliza swali ambalo wakoloni hawakuuliza: ninyi wenyewe zamani mlifanyaje?

Wazee wakajibu: tulikuwa na ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zikianza, majani na miti vikue, ikifunguliwa kiangazi ndama na ng'ombe dhaifu wapate kula. Mradi ukaishika ngitili. Dagashida, baraza la jadi, likakaa, likaweka masharti na adhabu. Halmashauri za vijiji zikayaandika masharti yale kuwa sheria ndogo. Unaona ngazi hiyo? Wazee wameamua, kijiji kimeandika, wilaya imepitisha. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, ngitili zilizofufuliwa zilipita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Miti ileile, udongo uleule, Wasukuma walewale. Kilichobadilika ni aliyezungumza kwanza.

Na usidhani ushirikiano ni wa jembe tu. Ni wa mizani pia. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa kanda hii walichoka kupunjwa kwenye vituo vya kununulia. Wakaanza na jambo dogo sana: wakachagua mtu wao wa kusimama kando ya mizani na kuhakiki uzito. Kutoka mizani ile vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955, Paul Bomani akiwa kiongozi, ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, ambao ulikuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Halafu mwaka 1976 serikali yetu wenyewe ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Sheria ya kuvirudisha ilikuja 1982. Kuvunja kulichukua tangazo moja. Kurudisha imani ya mkulima kwa ushirika ni kazi ambayo AMCOS zetu, vyama vya msingi vya mazao, bado zinahangaika nayo.

Sijasema serikali ikae pembeni, msinielewe vibaya. Jirani na jirani wanaweza kukubaliana juu ya mlango wa jaluba. Hawawezi kujenga barabara, hawawezi kurusha setilaiti ya hali ya hewa, hawawezi kujipunguzia ushuru. Hapo ndipo sera inapohitajika. Nitataja mambo matatu, nayo si ya kuota, ni ya kudai.

La kwanza, utabiri ufike kijijini kwa lugha ya mkulima. Kwa kawaida Agosti Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za vuli, na ukanda wa Ziwa Victoria hutajwa waziwazi. Tunasikia: mvua za wastani hadi juu ya wastani. Haya, mama wa Usagara anafanya nini na maneno hayo? Apande mahindi ya muda mrefu au ya muda mfupi? Aongeze muhogo? Mwaka 2022 maafisa ugani walipewa pikipiki karibu 7,000 nchi nzima. Pikipiki tunaziona. Tunaomba tuione pia mikutano. Sheria inakitaka kijiji kiitishe mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Basi mmoja kati ya hiyo uwe mkutano wa mvua, Septemba, afisa ugani na utabiri wake mkononi, wazee na dalili zao, wenye majaluba na malalamiko yao. Tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini mawingu hayakwambii yatarudi lini.

La pili, kalavati. Ndiyo, kalavati, umesikia sawasawa. Barabara ya kijijini ikichongwa, maji yaliyokuwa yakitambaa sehemu kumi yanakusanywa yatoke sehemu moja. Pale yanapotokea panachimbika korongo, na jaluba la mtu linakwenda na maji. Maji yaleyale yangeelekezwa kwenye lambo, ng'ombe wangekunywa na mboga zingemwagiliwa. Tofauti yake ni mazungumzo ya nusu saa kati ya mhandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na wenye mashamba kabla greda halijashuka kwenye lori. Mhandisi anajua mteremko. Mwenye shamba anajua maji yalipita wapi mwaka wa El Niño, 1997 kuamkia 1998. Hao wawili wakutane.

La tatu, ushuru. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia tano, ukawa tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa ya chakula. Sawa. Lakini hata hiyo asilimia mbili ni debe la mtu. Swali la kumuuliza diwani wako, kwa heshima zote: kutoka ushuru uliotozwa kwenye mpunga na dengu zetu, ni shilingi ngapi zimerudi shambani? Lambo moja? Tuta moja la kukinga maji? Na ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, kikundi cha majaluba cha kitongoji chako kimewahi kuiomba? Wengi tunaijua mikopo hiyo kwa bodaboda na saluni. Hata ununuzi wa mashine ya kupura mpunga ni biashara.

Mpenzi msikilizaji, muda wangu unakaribia kwisha, basi tukusanye tulichovuna. Tumesema mvua yetu ni nyingi ila haina ratiba, kwa hiyo kazi ni kuishika. Tumesema kuishika hakuwezekani kwa mtu mmoja, maana maji hupita kwa jirani. Tumesema serikali iliyoamrisha matuta ilishindwa, na ile iliyouliza habari za ngitili ilifanikiwa. Na tumedai matatu: mkutano wa mvua, kalavati yenye akili, na ushuru unaorudi shambani.

Kabla sijakuaga, nina kazi ya nyumbani, ya wiki hii. Chukua chupa tupu ya plastiki yenye pande zilizonyooka, ikate kichwa, kigeuze kiwe kama faneli juu yake, uisimamishe shambani mahali pa wazi, mbali na mti. Mvua ikinyesha, pima kwa rula milimita ngapi zimeingia, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Mpe kazi hiyo mtoto wa darasa la sita, ataipenda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mvua ni mali. Ukiwa na daftari lako, na jirani yako lake, siku ya mkutano hamtabishana kwa kumbukumbu.

Halafu jioni, kabla wingu la kwanza la Oktoba halijafunga, mfuate jirani yako wa upande wa juu. Usiende na kesi. Nenda na jembe, mkalitazame lile tuta lililobomoka. Mlizibe leo, wakati ni kavu.